Kutoka Lubumbashi hadi Zanzibar na marafiki: mambo ya kuzingatia kabla

Mtu wa Lubumbashi anayeenda Tanzania ana hatari moja ambayo mtalii wa Ulaya hana: anajiona anaenda kwa jirani. Kiswahili anakijua, simu yake ina M-Pesa, dola ameizoea, na bukari (ugali) ataikuta mezani. Kumbe Kiswahili kinageuka, M-Pesa haifunguki, dola inakataliwa, na hata saa imesogea mbele. Mambo mengi yanayoharibika kwenye njia hii huharibika pale palipoonekana sawa na nyumbani.

Kabla ya paspoti, hesabuni watu. Bajaji inabeba abiria watatu, taksi ndogo wanne, chumba cha bei ya kawaida wawili. Kwa hiyo kundi la 4 au la 6 linasafiri vizuri. Kundi la 5 linalipa taksi mbili kila siku na kitanda kimoja kinabaki kitupu, halafu kila jioni kuna mjadala wa nani alipe zaidi. Pesa zichangwe mapema, kama likelemba (upatu) ya miezi minne au mitano, na njiani ziwe na watu wawili: mmoja anashika, mwingine anaandika kwenye daftari. Anayeshika asiandike. Chakula, usafiri na vyumba vitoke kwenye mfuko wa pamoja. Bia, vitenge na zawadi kila mtu na mfuko wake. Msipokubaliana hivyo kabla ya kuondoka, mtagombana Mbeya.

Paspoti iwe na angalau miezi sita mbele yake na kurasa nne tupu. Mtu wa njia ya barabara anapigwa mihuri minane kwenda na kurudi: kutoka Kongo, kuingia Zambia, kutoka Zambia, kuingia Tanzania, kisha yote tena kinyume. Lesepase (karatasi ya kuvukia) ya wachuuzi wa Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, haiwafikishi Dar es Salaam. Masharti ya visa ya Zambia na ya Tanzania yaulizwe kwenye konsula zao mjini Lubumbashi kabla ya kulipa tiketi yoyote, na muulize kuhusu kuingia mara mbili, kwa maana Zambia mtaipita tena wakati wa kurudi. Kosa la kutouliza hilo ndilo linalowakwamisha watu Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, pesa zimekwisha na muda wa karatasi umekwisha. Kama yuko mwenzenu chini ya miaka 18 asiyesafiri na wazazi, abebe ruhusa yao ya maandishi iliyothibitishwa.

Kitabu cha njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, hakina msamaha. Kongo iko kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, kwa hiyo mpakani wanakitaka, na Zanzibar wanaweza kukitaka tena. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Aliyechanjwa Jumatatu na kupanda basi Ijumaa hana chanjo mbele ya ofisa wa afya. Tangu Julai 2016 cheti kinatumika maisha yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10, kwa hiyo atakayewatisha kwamba kimeisha mjibuni kwa upole. Zaidi ya hapo, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inadai wageni walipie bima yake yenyewe, dola 44 kwa mtu mzima, na inalipwa kwa mtandao kabla ya kufika. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, basi muulize konsula kama wenye paspoti yetu wanahusika, na jibu mlitembee nalo kwa maandishi.

Barabara yenyewe ni karibu kilomita 2,000: Kasumbalesa, Kapiri Mposhi, Mpika, Nakonde, kisha Mbeya, Iringa, Morogoro na Dar. Yako mabasi ya moja kwa moja, na mnaweza pia kuikata vipandevipande. Reli ya TAZARA inavutia kwenye ramani, ila treni yake ya abiria imesimama mara nyingi. Msijenge safari juu yake kabla ya kuhakikisha kwamba inatembea wiki hiyo. Kasumbalesa, msimpe mtu wa pembeni paspoti zenu zote sita kwa sababu amesema anawajua wa ndani. Kila mmoja aende dirishani na yake, na kabla ya kuondoka asome tarehe ya muhuri na idadi ya siku alizopewa.

Jambo linalosahauliwa na wanaofunga mizigo ya pwani ni baridi. Likizo kubwa ni Julai na Agosti, na kipindi hicho nyanda za Mpika na Iringa ni baridi kama usiku wa Lubumbashi wa Juni, au kupita. Halafu Zambia ilizuia mabasi ya abiria kutembea usiku tangu mwaka 2016, kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Basi linaegeshwa, injini inazimwa, na abiria wanalala kwenye viti. Blanketi, soksi na koti vikae juu ya magoti yenu, visifungiwe kwenye buti ya basi.

Kwacha chukueni kidogo tu, ya chakula na choo, na mtazame noti moja moja. Zambia ilitoa noti mpya tarehe 31 Machi 2025 na kuzipa za zamani mwaka mmoja tu wa kuzunguka. Wabadilishaji wa mpakani wanajua mgeni hajui.

Nakonde na Tunduma ni kama mji mmoja uliokatwa na mstari, na wenyeji wanavuka kwa miguu wakienda sokoni. Ukifuata msafara wao unaweza kujikuta Tanzania unakunywa chai bila muhuri wa kuingia. Tafuteni kwanza jengo la pamoja la mpakani, ambako mihuri ya nchi zote mbili inapigwa. Hapo hapo songezeni saa mbele kwa saa moja. Simu isiyo na mtandao haijibadilishi, na ndiyo maana watu wanakosa basi la alfajiri wakiwa wamekaa stendi, wametulia kabisa. Juu ya hilo, aliyezoea kutaja saa kwa Kifaransa akumbuke hesabu ya kule: saa moja asubuhi ni 07:00 kwenye tiketi, saa nne usiku ni 22:00. Mkipatana na dereva, taja saa na useme asubuhi, mchana au usiku.

Upande wa barabara nao unageuka tangu Zambia: magari yanapita kushoto. Miguu yenu imezoea kutazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka. Kule gari la kwanza linatoka kulia. Siku mbili za mwanzo Dar, vukeni pamoja, na mtazame pande zote mbili hata barabara ikiwa ya njia moja, maana bodaboda hazisomi alama.

Tuje kwenye pesa. Faranga za Kongo hazina kazi baada ya Kasumbalesa. Dola ni ya kubadilisha tu: tangu Machi 2025 Tanzania imekataza bidhaa na huduma za ndani kulipwa kwa pesa za kigeni, kwa hiyo hoteli na duka wanataka shilingi. Noti za 50 na 100 hupata bei nzuri kuliko za 5, 10 au 20, na zile za matoleo ya zamani hukataliwa au kupunguzwa thamani. Yule kambiste (mbadilisha pesa) wa Lubumbashi anayekataa noti iliyochanika milimita mbili anawafanyia mazoezi mazuri. M-Pesa ya Kongo na ya Tanzania zina jina moja na akaunti mbili tofauti; msihesabu kwamba mtatoa pesa kwa wakala yeyote. Laini ya simu ya Tanzania inasajiliwa kwa paspoti na alama za vidole, kwenye duka la kampuni, na laini mbili kwa kundi zima zinatosha. Kila mtu awe na dola 150 zilizoshonwa mahali pake ambazo hata mshika mfuko hazijui. Mashine za benki zipo Dar na mjini Unguja, lakini vijijini mwa pwani ni chache, na Pemba na Mafia ni chache zaidi. Anayekwenda huko abebe shilingi za siku zote.

Kwenye begi, ondoeni sashe (mifuko) za plastiki. Tanzania ilizipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilikuwa imetangulia miaka mingi. Nguo chafu zikae kwenye mfuko wa kitambaa, na samaki wa njiani wafungwe kwenye karatasi. Chaja yenu ya pini mbili za mviringo itagonga ukuta: soketi za Tanzania nyingi ni za matundu matatu ya mraba. Adapta mbili na waya mmoja wa kugawa umeme vinatosha watu sita. Dawa zibaki kwenye pakiti zake pamoja na karatasi ya daktari. Zambia ni wakali kwa dawa za kikohozi zenye kodeini na hata baadhi ya dawa za mafua zenye difenhidramini. Kama si lazima, ziacheni nyumbani. Chumvichumvi ya kunywa mtu akiharisha ikikosekana, changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu. Chandarua ni lazima bara. Unguja malaria ni kidogo lakini mbu wapo.

Mabasi ya bara yanashusha Mbezi Luis, zaidi ya kilomita 20 kutoka bandarini, na msongamano wa Dar unaweza kula saa mbili. Basi msikate boti ya siku ileile ya kufika. Laleni Dar, mpande asubuhi. Tiketi inakatwa ofisini kwa kampuni ya boti au kwa mtandao wake. Wanaowakimbilia nje ya geti wakiwa na fulana yenye maandishi ya boti hawajaajiriwa na mtu. Mgeni ana bei yake, karibu dola 35 daraja la kawaida, inalipwa kwa shilingi, na paspoti inaonyeshwa. Safari ni takriban saa mbili. Julai na Agosti upepo wa kusi unavuma kutoka kusini: mnapokwenda Unguja unawasukuma kwa nyuma, mnaporudi mnakutana nao uso kwa uso, kwa hiyo kurudi hutikisa zaidi. Dawa ya kichefuchefu imezwe nusu saa kabla ya kuondoka, tumbo lisiwe tupu wala limejaa, na mkae chini, katikati kuelekea nyuma.

Kuna boti za kukataa. Mwaka 2011 MV Spice Islander I ilizama usiku kati ya Unguja na Pemba, na Julai 2012 ikazama MV Skagit iliyotoka Dar. Zote zilikuwa zimebeba watu kupita kiasi. Ukiona abiria wamekaa kwenye ngazi na mizigo imeziba milango, shuka, hata kama tiketi haitarudishwa. Kwenye boti ndogo za matembezi, mwombe nahodha jaketi la kuokolea kabla ya kung'oa nanga na ulivae pale pale: funga kamba zote, mwenzako akamate mabega ya jaketi na kulivuta juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa au kamba imelegea. Wengi wetu tumekua mbali na maji, na pembeni ya boti mchanga unaoonekana karibu unaweza kuwa mita sita chini.

Bahari yenyewe inataka kusomwa, na hapa ndipo siku nyingi za likizo hupotea. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake zinasogea karibu dakika 50 kila siku. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvu: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inaweza kufika mita nne. Katikati ya hapo ni maji mafu, yanayosogea kidogo. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, wakati wa bamvu bahari inaondoka hata kilomita moja na mnabaki na mwani, matope na urchini wenye miiba. Aliyelipia chumba huko ili aogelee saa nne asubuhi amelipia uwanja. Nungwi na Kendwa, kaskazini, kunaogeleka muda wote. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kijiji, tazameni kalenda ya mwezi, na mkifika mumuulize mvuvi: leo maji yanajaa saa ngapi? Atawajibu bila kutazama simu. Viatu vya mpira vya kutembelea majini ni vya lazima.

Pemba ni kwa wenye siku tano au zaidi. Mafia, inayofikiwa kwa boti kutoka Nyamisati, ni ya kuanzia Oktoba hadi Februari, papa potwe wanapokuwa karibu. Machi hadi Mei ni masika. Bei zinashuka, na barabara za vijijini nazo zinashuka.

Mji Mkongwe, mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia wasitembee vifua wazi. Ramadhani ikiangukia safari yenu, kula na kunywa mchana ni ndani. Kuhusu lugha, ukisema "jambo" barabarani umejitangaza mtalii, na mapapasi (vijana wanaowinda watalii) watakufuata hadi hotelini. Kwa mtu mzima sema "shikamoo", ngoja "marahaba", ndipo uulize bei. Badala ya "ninataka maji" sema "naomba maji". Bukari ni ugali, sombe ni kisamvu, lengalenga ni mchicha. Lafudhi yenu itawafurahisha. Haraka yenu ndiyo itakayowaudhi.

Siku ya kurudi, shilingi zote zigeuzwe dola kabla ya kuvuka Tunduma. Lubumbashi hakuna atakayezipokea, na kambiste atakayekubali atakupa bei ya kukucheka.