Mzaha wa Runingani: Unamcheka Nani Hasa?

Ukitaka kujua kama mzaha wa runingani unacheka kosa la mtu au asili yake, kwanza urudie kwa sauti yako ya kawaida, bila kuiga lafudhi. Chukua Mind Your Language, komedia ya Uingereza iliyoanza 1977, ya wageni wanaojifunza Kiingereza London. Ranjeet, Singasinga, akikosea huomba radhi elfu moja. Mpe Mwitaliano maneno hayohayo. Yakidoda, ulikuwa unacheka kilemba.

Halafu mtazame uliyekaa naye. Siku moja mama alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Jirani yetu, Singasinga pia, akabaki anakoroga chai isiyo na sukari. Usimuulize palepale, atakwambia "hamna neno." Ngoja kesho, mkiwa wawili.

Na mwalimu wao Mwingereza kwenye komedia hiyo, naye akichekwa? Hapo mimi huwa nalegeza kidogo.