Somo: Kuchagua pikapu ya kuvuta tela la kambi kutokea Dodoma

Mbukwenyi wakuu.

Kila nikirudi safari na tela, swali la kwanza ninaloulizwa ni lilelile: "Pikapu gani inavuta vizuri na inanusa tu mafuta?" Naelewa linatoka wapi. Dizeli si mchezo, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunasubiri bei kikomo za EWURA kama matokeo ya mtihani. Lakini anayeanza na swali hilo huishia kununua gari jepesi linalochemka mlimani, au gari kubwa linalommaliza kwa safari za kila siku za mjini. Kuna mpangilio mwingine. Mimi niliufuata baada ya kupata tishio barabarani, na ndio ninaouweka hapa.

Hatua ya 1: Pima tela kabla hujatazama pikapu

Watu wengi wenye tela hawajui lina kilo ngapi. Huambiwa na fundi aliyelichomelea kwamba "ni jepesi hili, unasukuma kwa mkono." Likiwa tupu, kweli. Ngoja lipakiwe.

Tela langu tupu lina kilo 460. Nikaorodhesha vya ndani. Maji lita 100 ni kilo 100. Hema na magodoro, 90. Madumu mawili ya dizeli ya lita ishirini ishirini, kama 34. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukijazwa, pamoja na chuma chake, unakaribia 30. Betri 28, tairi la akiba 25. Friji, sufuria na chakula, 73. Jumla 840. Nilikuwa naliita tela dogo.

Kwa uhakika, nenda kwa mfanyabiashara wa nafaka au wa vyuma chakavu mwenye mizani ya kupimia magari, umwombe kwa heshima. Hakikisha tela limepakiwa kila kitu, maji yakiwemo.

Kisha pima uzito unaokaa kwenye shingo ya tela, pale linapoungana na gari. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Chukua mizani ya kukanyaga ya kupimia watu, iweke juu ya matofali mpaka ifike kimo cha ndoana ya gari, halafu teremsha shingo ya tela juu yake. Unatakiwa kupata karibu asilimia 10 ya uzito wa tela zima. Kwa kilo 840, tafuta 80 na kitu.

Nilijifunza hili njia ya Iringa. Tulikuwa tumepita Chipogoro, lami nzuri, nateremka kuelekea Mtera, mke wangu mbele na watoto wawili nyuma. Basi likatupita kutoka upande wa pili, upepo wake ukalipiga tela, na tela likaanza kutikisa mkia. Kushoto, kulia, kila mara kwa upana zaidi. Usukani ulikuwa mwepesi kama hauna kazi, kwenye kioo naona tela linajitokeza upande huu, linapotea, linajitokeza upande ule. Sikukanyaga breki. Niliachia mafuta polepole nikashika usukani bila kubishana nao, na baada ya muda ulioonekana mrefu sana likatulia. Mtoto mdogo alikuwa ameshika mkanda wake kwa mikono miwili, hasemi kitu.

Nyumbani nilipima shingo: kilo 22. Tanki la maji nilikuwa nimelifunga nyuma ya ekseli kwa sababu palikuwa na nafasi. Nililihamishia mbele ya ekseli, nikasogeza na madumu, ikawa 81. Tela lilelile, gari lilelile, halijarudia tena.

Hatua ya 2: Chagua injini kwa ajili ya mlima

Dodoma tuko mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mtera, penye bwawa, ni kama 700, na Iringa inakaribia 1,600. Maana yake ukitoka bwawani unapanda karibu mita 900, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika pale mlima Nyang'oro, baada ya Izazi. Ukielekea Singida, mlima unakusubiri ukitoka Kintinku kupanda Manyoni. Njia zote nzuri za kambi kutoka kwetu zina mahali ambapo injini inaulizwa swali gumu.

Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Turbo, inayosukumia injini hewa zaidi, inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa hiyo zile Hilux zisizo na turbo, za injini zinazoitwa 3L na 5L (ni majina, si lita), ambazo uimara wao hauna ubishi, zinafika Iringa zikiwa zimeshapungukiwa, na tela nyuma.

Usidanganyike na nguvu za farasi. Namba ya kuangalia ni nguvu ya msokoto, inayoandikwa Nm, na ipatikane injini ikiwa inazunguka taratibu. Hilux Vigo yenye injini ya 1KD, lita 3.0, ina Nm 343 kwenda juu. Hilux iliyofuata kuanzia 2015 yenye 1GD, lita 2.8, ilianza na 420 kwa gia za mkono na 450 kwa otomatiki. Ndogo yake ya lita 2.4, 2GD, ina 343 au 400, kutegemea toleo na giaboksi. Isuzu D-Max ya lita 3.0 ya kizazi kilichoanza 2012 ina 380. Ford Ranger ya lita 3.2, silinda tano, ina 470.

Kwa tela la chini ya kilo 1,000, Nm 340 zinakutosha. Zaidi ya hapo unalipia raha, si lazima.

Hatua ya 3: Soma kitabu na bamba la mlangoni

Kuna namba tatu: uzito wa juu wa gari lenyewe likiwa limepakiwa, uzito wa juu wa tela linaloruhusiwa kuvutwa, na uzito wa vyote viwili kwa pamoja. Hii ya tatu ndiyo wauzaji hawaitaji. Gari linaweza kuruhusiwa kuvuta tani tatu, lakini ukishapakia watu watano na mizigo kwenye bodi, ruhusa hiyo imeshapungua. Kumbuka pia kwamba kilo 80 za shingo ya tela zinahesabiwa kama mzigo wa gari.

Vitabu vya pikapu nyingi vinaweka kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki zake. Langu lilikuwa 840 bila breki. Niliweka.

Hatua ya 4: Sasa piga hesabu ya mafuta

Chukua mwaka mzima. Tuseme unatembea kilomita 12,000, na kati ya hizo 2,000 ndizo za tela. Pikapu ya kwanza bila tela inakwenda kilomita 11 kwa lita, ya pili 9. Kwa kilomita 10,000 za kawaida, ya kwanza inatumia lita 909 na ya pili 1,111. Tofauti ni lita 202. Zikiwa na tela, tuseme ya kwanza inashuka hadi 8 na ya pili hadi 7. Kwa kilomita 2,000, lita 250 dhidi ya 286. Tofauti ni 36 tu.

Mnaona? Mafuta ya pikapu yanaamuliwa na siku za kupeleka watoto shule na kwenda Majengo sokoni. Kwa hiyo chagua injini inayoumudu mlima, kisha kati ya zile zinazoumudu, chukua inayokula kidogo ikiwa haina tela. Ndiyo sababu mimi nikiulizwa leo naitaja ile 2GD ya lita 2.4 kwanza kwa familia yenye tela la kilo 800 au 900. Mwenye bajeti ndogo, Vigo ya 1KD iliyotunzwa.

Siku za tela, mafuta yanaamuliwa na kimo cha tela na mguu wako. Ukitoka mwendo wa 80 kwenda 100, upinzani wa upepo unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Tela linalojificha nyuma ya kebini linakula kidogo kuliko sanduku refu linalokinga upepo juu ya paa.

Usiamini namba ya kwenye dashibodi. Jaza tanki mpaka pampu ijikate, tembea kilomita 150 au zaidi, rudi pampu ileile ujaze tena, ugawanye.

Hatua ya 5: Kukagua iliyotumika

Fika asubuhi kabla mwenye gari hajaiwasha. Gusa injini, iwe baridi kweli. Iwashe ukisikiliza: mlio wa kugonga usiotulia na moshi mweupe unaong'ang'ania ni dalili za injekta. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Upepo mkali unaotoka na moshi unakwambia ringi za pistoni zimechoka.

Kwa 1KD, muulize mwenye gari kama washa (vile vipete vya kuzibia) za chini ya injekta zimewahi kubadilishwa. Zikivuja, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba chujio lililo chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, injini inakosa oili na inakufa. Mwambie fundi ashushe sampu aangalie. Ni kazi ya saa chache, na muuzaji akikataa, shukuru uondoke.

Lala chini utazame chasisi, hasa nyuma panaposhika springi. Chuma kilichochomelewa upya hapo kina historia.

Mwisho, usijaribu gari tupu. Pakia mifuko kumi ya saruji, ni kilo 500, panda nayo vilima vya Chimwaga kuelekea UDOM huku macho yako kwenye geji ya joto. Geji isisogee.

Hatua ya 6: Vya kuunganishia

Chuma cha kuvutia kifungwe kwa bolti kwenye chasisi, kamwe si kwenye bampa. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya shingo. Taa za tela zote zifanye kazi. Tela lisajiliwe TRA, lina namba yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kondoa: Shikamoo mzee. Nina Prado ya petroli, lita 2.7. Nataka kupeleka wageni Kolo kwenye michoro ya miambani. Inafaa, au niiuze?

Marahaba. Usiiuze. Dodoma mpaka Kondoa ni lami, na tela la kilo 600 utalivuta bila shida, ila mlimani itakunywa kuliko dizeli. Tela liache kambini. Njia za kupandia kwenye miamba ni za mawe, na kugeuza tela huko ni mateso.

Mwanachama, Manyoni: Mkuu, umeiacha Land Cruiser mkonga. Gari la nchi hii ni mkonga.

Naiheshimu, mkuu. Injini yake ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, itavuta tela mpaka mwisho wa barabara na kila fundi anaijua. Lakini haina turbo, ni nzito, na kwa zile kilomita 10,000 za mjini itakuumiza mfukoni. Kama wewe kazi yako ni porini mwaka mzima, uko sahihi kabisa.

Mwanachama, Dodoma mjini: Otomatiki au gia za mkono? Mume wangu anasema otomatiki haivuti.

Dada, inavuta, na mlimani inavuta kwa utulivu. Adui yake ni joto la oili ya giaboksi. Ibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema, weka rejeta ndogo ya oili hiyo kama haina, na ukipanda shikilia gia ya chini mwenyewe, usiiache ihangaike kubadilisha. Kwa gia za mkono, mwambie fundi aangalie klachi kabla ya kununua.

Mwanachama, Bahi: Upepo wa matairi kiasi gani kwa joto la huku?

Fuata bamba la mlangoni, safu ya gari lenye mzigo. Pima alfajiri. Likishapata joto upepo unapanda wenyewe, usiupunguze. Matairi ya tela nayo yana tarehe: tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka. 1519 ni wiki ya 15 ya 2019. Ya tela hufa kwa uzee wa kusimama juani kabla kashata, yaani meno ya tairi, hazijaisha.

Mwanachama, Singida: Kaka, kupanda Nyang'oro umeeleza. Kurudi je? Naogopa kushuka.

Una haki ya kuogopa. Kabla mteremko haujaanza, ingiza gia ileile ambayo ungepandia, uache injini ilizuie gari. Breki ikanyagwe kwa uthabiti kisha iachiwe, usiilalie. Ukifika Migoli simama, tembea kulizunguka tela, sogeza kiganja karibu na kila ringi ya tairi bila kuigusa. Yenye joto kuliko wenzake, breki yake imeng'ang'ania au beringi imekauka grisi. Usiondoke hapo mpaka ujue ni ipi.