Mstari wa tahadhari ya malaria: uchore mwenyewe zahanati

Chati hii, inayoonyesha wiki ambayo wagonjwa wa malaria wamezidi kawaida, inafaa maeneo ya miinuko ambako malaria huja na kuondoka: Muleba (Tanzania), Kisii na Kericho (Kenya). Inakosumbua mwaka mzima, haina msaada mkubwa.

Chukua rejesta ya wagonjwa wa nje (Tanzania ni Kitabu cha 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya). Hesabu waliothibitishwa kwa kipimo, wiki kwa wiki, Jumatatu hadi Jumapili, kwa miaka 5. Waliotibiwa kwa dalili tu waache nje. Wiki ambayo vipimo viliisha au kitabu hakikujazwa, acha nafasi tupu. Ukiandika sifuri, kiwango kitashuka na utapiga kengele bure.

Sasa panga namba tano za kila wiki, moja ya kila mwaka, kuanzia ndogo. Tuseme wiki ya 20 ilikuwa na 14, 22, 17, 61 na 25. Zikipangwa: 14, 17, 22, 25, 61. Ya tatu, 22, ndiyo hali ya kawaida. Ya nne, 25, ndiyo tahadhari. Fanya hivyo kwa wiki zote, kisha unganisha namba za nne kwenye chati kwa penseli nyekundu.

Wengi hupenda wastani, na hapo ndipo wanapokosea. Wastani wa namba hizo ni 28, na ukiongeza mikengeuko sanifu miwili (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika) unafika 66. Yaani hata ile 61, ambayo ni mlipuko dhahiri, isingevuka mstari! Mwaka mmoja mbaya huficha mwingine.

Zahanati ndogo yenye wagonjwa wawili watatu kwa wiki itaona mstari unarukaruka. Changanya wiki husika na jirani zake mbili: unapata namba 15, zipange, chukua ya 12.

Kila Jumatatu weka nukta ya wiki iliyopita. Ikivuka mstari mwekundu, kwanza uliza kama vipimo vimeletwa vingi au timu imepita kijijini kupima watu. Kama sivyo, mjulishe mratibu wa malaria wa wilaya siku hiyohiyo, uhesabu dawa mseto za malaria zilizobaki, na uangalie wagonjwa wanatoka kitongoji gani.

Chati hugundua tu. Kutabiri ni kazi ya kipimamvua na kipimajoto. Kwa kanuni inayotumika sana, kimelea cha malaria kiitwacho falciparum huhitaji takriban siku 56 kukomaa ndani ya mbu kwenye nyuzi 18 za Selsiasi, lakini siku 28 tu kwenye nyuzi 20. Mbu wengi hawafikishi siku 56. Kwa hiyo mvua kubwa ikifuatana na usiku usio na baridi ya kawaida, agiza vipimo mapema, kabla nukta haijapanda.