Kompyuta Ilikuwa Sawa Jana: Jinsi ya Kutafuta Kiendelezi cha Kivinjari Kinachoilemea Baada ya Sasisho

Mteja anayeniletea kompyuta nzito hapa Mwembe Tayari, Mombasa, mara nyingi huanza kwa kusema, "Fundi, jana ilikuwa sawa, na sijaweka kitu chochote kipya." Nimejifunza kuyaamini maneno hayo, kwa sababu mara nyingi ni kweli tupu: hakuweka kitu kipya, bali kitu alichokiweka miaka miwili iliyopita kimejibadilisha chenyewe. Viendelezi, yaani zile programu ndogo zinazoongezwa kwenye Chrome, Edge au Firefox ili kuzuia matangazo, kutafsiri kurasa, kupiga picha za skrini au kuhifadhi manenosiri, hujisasisha bila kumwuliza mtu. Chrome hutafuta masasisho yake kila baada ya saa chache, na kwa kawaida utajua kwamba kuna jambo pale tu toleo jipya linapoomba ruhusa kubwa zaidi, ambapo kiendelezi huzimwa mpaka ukubali. Sasisho lisiloomba ruhusa mpya huingia kimya kimya.

Kompyuta nyingi ninazozishughulikia ni za mtumba, zilizoshushwa hapa hapa bandarini Kilindini, zenye kumbukumbu (RAM) ya gigabaiti 4. Katika mashine ya namna hiyo kiendelezi kimoja kilichovimba hutosha kuifanya ianze kuandika kumbukumbu yake kwenye diski, na hapo kila kitu hukwama, hata programu zisizohusiana na kivinjari. Kabla ya kununua kumbukumbu ya ziada, fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kugusa

Izime kompyuta na uiwashe upya, kisha usubiri kama dakika tano. Muda huo una maana, kwa kuwa Windows yenyewe inaweza kuwa inashusha masasisho yake, na kizuia matangazo kilichotoka kusasishwa huhitaji muda wa kuzipanga upya orodha zake za kuchuja. Uzito wa dakika hizo za mwanzo si ugonjwa. Baada ya hapo fungua kurasa tatu unazozitumia kila siku, zile zile kila unapopima. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na uandike karatasini ni asilimia ngapi ya kichakataji (CPU) na ya kumbukumbu inayotumika. Andika pia ukurasa mzito kuliko yote umechukua sekunde ngapi kufunguka. Bila tarakimu hizo utabaki kukisia, na mtu aliyechoka hukisia vibaya.

Hatua ya pili: hakikisha kwamba kosa ni la viendelezi

Funga madirisha yote ya kivinjari. Katika Chrome, ingia kwanza kwenye mipangilio, sehemu ya mfumo, uzime ile swichi inayokiruhusu kivinjari kuendelea kufanya kazi chinichini baada ya kufungwa; usipofanya hivyo, utadhani umekifunga kumbe bado kiko hai. Kisha kifungue tena, ufungue dirisha la mgeni (Guest) kwa kubofya picha ya wasifu iliyo juu kulia, na ulifunge lile dirisha la kawaida. Wengi hupenda kutumia dirisha fiche (Incognito) kwa jaribio hili, lakini mimi naliona halitoshi, kwa sababu viendelezi vinaweza kuendelea kufanya kazi nyuma yake chini ya wasifu wako wa kawaida. Dirisha la mgeni halina kiendelezi hata kimoja. Kwa watumiaji wa Firefox, shikilia kitufe cha Shift unapokifungua, ukubali kuingia katika hali ya utatuzi.

Rudia vipimo vyako. Kama kompyuta bado ni nzito, acha viendelezi na uiangalie mashine yenyewe. Hapa Mombasa, hasa majira ya kaskazi, joto, vumbi na chumvi ya hewani huziba feni, na kichakataji kinachopata moto hujipunguzia kasi ili kisiungue. Kama imekuwa nyepesi, endelea.

Hatua ya tatu: kitazame Kidhibiti cha Shughuli, lakini usikiamini peke yake

Ndani ya Chrome au Edge kwenye Windows, bonyeza Shift na Esc. Kitafunguka Kidhibiti cha Shughuli cha kivinjari, yaani orodha ya vichupo (kurasa zilizo wazi) na viendelezi pamoja na kumbukumbu na kichakataji ambavyo kila kimoja kinatumia. Firefox ina ukurasa wake wa kazi hiyo, unaofunguka kwa kuandika about:processes kwenye upau wa anwani. Panga orodha kwa kichakataji, uiache dakika mbili bila kugusa kitu, utazame ni nani anayehangaika wakati wewe umetulia.

Kuna dalili moja ninayoithamini sana. Viendelezi vilivyoandikwa kwa muundo mpya uitwao Manifest V3 vinatakiwa kulala visipokuwa na kazi; baada ya takriban sekunde 30 za ukimya sehemu yao ya nyuma husimamishwa, tofauti na muundo wa zamani ambao ulikiruhusu kiendelezi kukaa macho muda wote. Google ilianza kuvizima viendelezi vya muundo wa zamani mwaka 2024, na wasanidi wengi walilazimika kuviandika upya. Ukiona kiendelezi cha muundo mpya hakitoki orodhani hata wakati hukitumii, jua kwamba kuna kitu kinachokiamsha kila mara, na hicho ni cha kuchunguzwa mwanzo.

Hata hivyo, orodha hii ina mtego uliowapoteza mafundi wengi, nami nikiwamo. Kiendelezi hufanya kazi mahali pawili: nyuma ya pazia, ambako huonekana kwa jina lake, na ndani ya ukurasa uliofunguliwa, ambako msimbo wake, yaani maagizo yanayokiendesha, huchanganyika na wa ukurasa wenyewe. Gharama ya sehemu hiyo ya pili huhesabiwa kwa kichupo. Utaona ukurasa wa benki au wa barua pepe unameza kichakataji, uulaumu mtandao au mwenye tovuti, ilhali kinachokisumbua ni kiendelezi kinachokagua kila neno lililoandikwa humo. Ndiyo maana hatua inayofuata naiona kuwa ndiyo kiini cha kazi yote.

Hatua ya nne: gawanya nusu kwa nusu

Andika chrome://extensions kwenye upau wa anwani, au edge://extensions, au about:addons kwa Firefox. Piga picha ya orodha yote kwa simu yako ili ukumbuke vilivyokuwa vimewashwa. Kisha zima nusu ya viendelezi kwa swichi zake. Usiondoe chochote, kwa sababu kukiondoa kiendelezi hufuta data yake, na nimemwona mtu akipoteza manenosiri ya kazi nzima kwa kubofya kitufe kimoja kwa haraka.

Baada ya kuzima, kifunge kivinjari chote na ukifungue upya. Msimbo ambao kiendelezi kilikwisha kuuingiza katika kurasa zilizo wazi huweza kubaki humo mpaka ukurasa upakiwe tena, na anayesahau jambo hili hupata majibu ya uongo. Pima kwa kurasa zile zile tatu. Uzito ukiondoka, mkosaji yumo katika nusu uliyoizima. Ukibaki, yumo katika nusu iliyo hai. Igawanye nusu hiyo tena. Kwa viendelezi 12, majaribio manne yatakufikisha kwenye kimoja.

Kwa mfano, wakala mmoja wa forodha mwenye ofisi karibu na Moi Avenue aliniletea kompyuta yenye viendelezi 11. Kidhibiti cha Shughuli kilionyesha kichupo cha tovuti ya kujazia fomu za mizigo kikila kichakataji, naye alikuwa na hakika kwamba tovuti ndiyo mbovu. Kwa mgawanyo wa nusu tulifika, katika jaribio la nne, kwenye kiendelezi cha kugeuza hati kuwa PDF, ambacho toleo lake jipya lilikuwa limeanza kukagua kila ukurasa likitafuta hati za kugeuza. Katika ukurasa wenye mamia ya visanduku vya kujaza, ukaguzi huo haukuwa na mwisho.

Wakati mwingine ukikiacha hai kimoja peke yake, kila kimoja kinaonekana safi. Hapo tatizo ni viwili vinavyogombana, mathalani vizuia matangazo viwili vinavyoushughulikia ukurasa mmoja. Bakiza kimoja.

Hatua ya tano: soma kilichobadilika

Bofya maelezo ya kiendelezi ulichokipata. Angalia kama kinaruhusiwa kusoma na kubadilisha data katika tovuti zote, na ujiulize kama kazi yake inahitaji hivyo. Kwenye duka la viendelezi, tazama tarehe ya sasisho la mwisho, jina la mwenye kiendelezi, na maoni ya siku za karibuni. Viendelezi huuzwa, na mmiliki mpya hurithi watumiaji wote bila wao kujua. The Great Suspender, kilichopendwa kwa sababu kilivilaza vichupo na kuipunguzia kompyuta mzigo, kilibadilisha mikono mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na msimbo hatari. Kama jina la mwenye kiendelezi limebadilika na kasi imeshuka, kiondoe siku hiyo hiyo, kisha ubadilishe manenosiri muhimu.

Hatua ya sita: amua

Kama ni kiendelezi unachokihitaji na mwenyewe anaaminika, usikifute. Katika maelezo yake, badilisha ruhusa ya tovuti ili kifanye kazi pale tu unapokibofya, au katika tovuti chache ulizozitaja. Wakala wetu alifanya hivyo, na kiendelezi chake cha PDF kikaacha kugusa fomu za mizigo.

Chrome haina njia ya kawaida ya kurudi kwenye toleo la zamani. Firefox inayo: ukurasa wa kiendelezi huorodhesha matoleo yaliyotangulia, nawe unaweza kuzima sasisho la kujiendesha kwa hicho kimoja. Itumie njia hiyo kwa wiki chache tu, kwa sababu toleo la zamani hukosa marekebisho ya usalama.

Ukiamua kukiondoa, hamisha kwanza data yako iliyomo. Kumbuka pia kwamba, kama umewasha usawazishaji (sync) wa akaunti yako kati ya kompyuta zako, kukiondoa nyumbani Nyali hukiondoa na kwenye kompyuta ya ofisini. Na kiendelezi alichokiweka mtoto nyumbani kwa akaunti yako huweza kukufuata kazini kwa njia hiyo hiyo. Na ukikuta kiendelezi ambacho swichi yake haizimiki, fungua chrome://policy. Katika kompyuta ya ofisi huenda ni agizo la msimamizi, basi mwulize. Katika kompyuta yako binafsi isiyo na msimamizi, ichunguze kwa programu ya kuondoa virusi kabla ya kuingia tena kwenye akaunti ya benki.