Kulisha koloni ya mende wa chakula kwa bajeti ndogo

Mtu akianza kufuga mende wa kulisha mijusi, vyura au buibui wake, swali la kwanza huwa anunue chakula gani maalum. Usinunue. Zile pakiti ukisoma nyuma mara nyingi ni nafaka za kusaga na madini kidogo, vitu unavyoweza kuchanganya mwenyewe kwa hela ndogo sana. Naongelea aina ya mende inayoitwa dubia, Blaptica dubia, lakini aina nyingine nazo hazitofautiani sana kwenye kula.

1. Chakula kikavu

Pumba za ngano vikombe vitatu, chakula cha kuku wa mayai kikombe kimoja, saga kwenye blenda mpaka uwe unga, manake watoto wakizaliwa wana kama milimita 3 hivi na punje kubwa zinawashinda. Chakula cha vifaranga angalia lebo kwanza, kingi kinawekewa dawa ya koksidia (vimelea vya utumbo wa kuku), hicho achana nacho. Kabla ya kutumia weka mfuko mzima kwenye friza siku kadhaa ili kama kuna utitiri au fukusi wafe humohumo. Mimina kwenye kisahani kifupi, usimwage chini ndani ya boksi la mende.

2. Protini, usizidishe

Watu wanapenda kuwapa chakula cha paka eti wakue haraka. Chakula cha paka kinaweza kupita protini asilimia 30, wakati mchanganyiko wa hapo juu unacheza kwenye 15 mpaka 17 na koloni inazaa vizuri tu. Mende akila protini nyingi naitrojeni inayobaki anaiweka mwilini kama asidi ya yuriki, kwenye mafuta yake, akiba ya siku ya njaa. Sasa mjusi anayemla anaila na hiyo, na asidi ya yuriki ikizidi kwa mjusi ndio jongo. Kwa hiyo unalipa zaidi ili umuumize mnyama wako.

3. Maji na chakula kibichi (hapa soma taratibu)

Koloni nyingi hazifi kwa njaa, zinakufa kwa unyevu. Bakuli la maji usiweke, watoto wanazama. Zile punje za jeli ya maji zinafanya kazi lakini zinajaa kinyesi haraka na unazinunua tena na tena, mimi siziwezi. Karoti ndio mpango mzima: ina maji ya kutosha, haichuruziki, na ukiisahau kwa kawaida inanyauka kabla ya kuota ukungu. Tango na tikiti maji ni kinyume chake, asubuhi unakuta dimbwi.

Kata vipande virefu, weka kwenye kifuniko cha plastiki juu ya trei za mayai wanamojificha mende, mbali kabisa na kisahani cha unga. Weka jioni, mende wanakula usiku, asubuhi toa kilichobaki. Kipimo kizuri ni ukute kaganda kembamba tu, kama kuna kipande kizima basi uliweka kingi, au boksi lina baridi. Hili la baridi watu wanalisahau: chini ya nyuzi 24 hivi wanakula kivivu, chakula kinaoza, alafu mtu analaumu chakula. Weka 28 mpaka 32. Wanaosema chungwa linaongeza uzazi, mimi naona kinachoongeza uzazi ni joto tu.

Maganda ya jikoni ni ya bure, sawa, ila kumbuka mende ni mdudu na dawa iliyopuliziwa shambani kuua wadudu haimbagui. Osha, na majani ya mboga kutoka mahali usipopajua wape kwanza mende wachache kwenye kopo la pembeni, subiri siku mbili. Ukiona wamelala chali miguu inatetemeka, hayo majani tupa. Niliwahi kumsaidia jamaa ambaye alimwaga fungu zima la majani ndani ya boksi moja kwa moja, karibu wote waliisha.

Kila ukifungua boksi angalia ukingo wa kisahani cha unga. Ukiona kama vumbi la rangi ya krimu na hilo vumbi linatembea, ni utitiri. Tupa unga wote, badilisha trei, panua matundu ya hewa, simamisha karoti siku mbili tatu mpaka boksi likauke kabisa. Usipitilize lakini, wakikaa na kiu muda mrefu wanatafunana mabawa, na yule mweupe aliyetoka kujivua gamba ndio wa kwanza kuliwa kwasababu bado ni laini (sio mgonjwa huyo, baada ya masaa machache anarudi rangi yake).

4. Kabla ya kulisha mnyama

Siku moja au mbili kabla, tenga mende unaowahitaji, wape karoti, boga na majani ya kijani, ila mchicha usiufanye wa kila siku, oksalati yake (chumvi ya asili ya majani) inashika kalsiamu. Kama unalisha ndege usiwape hao mende parachichi. Mende mwenyewe kwa kawaida ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, kwahiyo wakati wa kulisha watie kwenye mfuko na poda ya kalsiamu kidogo, tikisa, wape hapohapo kabla hawajajisafisha.