Maji ya kwanza ya mvua yasiingie tankini

Wenye kinyumba cha wikendi huko Kigamboni au Bagamoyo mnaovuna maji ya bati, kabla bomba la gata halijafika kwenye tanki fungeni tii (kiungo cha bomba chenye umbo la T) yenye bomba la inchi 4 lililosimama wima, chini mfuniko wa kufungua wenye katundu ka msumari. Nyumba ikikaa tupu wiki nzima bati linajaa vumbi na kinyesi cha popo, mvua ya kwanza inaosha uchafu wote unaingia kwenye hilo bomba la wima, bomba likijaa ndo maji safi yanapita kwenda tankini, halafu linajimwaga lenyewe taratibu hata kama haupo. Mita 1 ya bomba hilo inabeba kama lita 8, bati la mita 50 za mraba weka angalau mita 3. Katundu kakizibwa na majani haifanyi kazi tena, fungua usafishe kila ukifika, na ya kunywa bado chemsha jamani.