Moto wa njano na mpira uliochoka: nilivyotengeneza jiko langu la gesi

Moto wa jiko langu ulipogeuka wa njano na sufuria kuanza kushika masizi, nilijua gesi haipati hewa ya kutosha. Moto mzuri ni wa bluu.

Funga gesi kwenye mtungi, subiri jiko lipoe, kisha inua kichwa cha jiko. Kiloweke katika maji moto ya sabuni, kisugue kwa mswaki wa zamani, uzibue kila tundu kwa pini. Kikauke kabisa kabla ya kukirudisha. Chini yake kuna kitundu cha shaba kinachotoa gesi. Hapo nakusihi uwe na mkono mwepesi: ukikipanua, gesi itazidi na masizi yatarudi. Mimi hukizibua kwa unyuzi mmoja tu wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme.

Kisha mpira unaoleta gesi kutoka kwenye mtungi. Nilipoukunja wangu karibu na kibano, nyufa ndogo zilifunguka kama ngozi ya kisigino kikavu. Usiufunge kwa utepe. Nunua uliotengenezwa kwa gesi, pamoja na vibano vipya. Usukume hadi mwisho, kaza.

Fungua mtungi huku jiko limezimwa, upake povu la sabuni kwenye maungio yote. Vipovu vikifura, gesi inavuja. Kamwe usijaribu kwa kiberiti! Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi yoyote ya umeme.

Vali za ndani namwachia fundi.